Tawi la Juu ya Bati

Jumamosi tarehe 24 Januari 1998, saa mbili kasorobo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka Tinde bila upepo, na jua lilikuwa halijaonekana tangu wiki iliyotangulia. Donatus, karani mstaafu wa kiwanda cha pamba, alisimama chini ya chanja la mzabibu wake akigeuza majani kwa mikono iliyochoka. Juu yalikuwa na madoa ya manjano. Chini, ukungu mweupe.

Kabla ya mvua hizi za El Nino, bwana shamba alimshauri apunguze majani ili upepo upite. Donatus alikataa. Katika nchi kavu kama hii, nani hukata kivuli? Chini ya kivuli hicho ndipo alipokuwa akiwapokea wageni wake, kwa fahari. Sasa majani yaliyobanana hayakauki hadi adhuhuri, na ugonjwa umejipatia makao.

"Hodi! Chanja lako linavuja kuliko paa la duka langu."

Alikuwa Sherbanu, mjane mwenye duka barabarani. Mzabibu wa Donatus ulitokana na wa Sherbanu: alimpa Donatus pingili za kupanda kwa sharti kwamba wa Sherbanu ukifa, Donatus atamrudishia. Sasa maji yaliyotuama uani kwa Sherbanu yalikuwa yameuozesha wake mizizi, naye alikuja kudai.

"Karibu, Mama Naznin. Ungesubiri kiangazi."

"Wewe uliyewafungia dirisha la kiwanda wakulima waliochelewa kuleta pamba, leo unaniambia nisubiri?"

Maneno yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

"Mzabibu unaumwa," alisema. "Nikikukatia hapa, nitakuwa nimekupandia ugonjwa. Kosa ni langu."

"Basi nirudi mikono mitupu?"

Donatus alitazama juu ya paa. Tawi moja lilikuwa limetambaa hadi juu ya bati, ambako upepo uliyakausha majani yake mapema. Lilikuwa safi. Alikusudia kuung'oa mzabibu wote na kuanza upya kwa tawi hilo. Hakuwa na mbegu nyingine.

Akaegemeza ngazi, akapanda polepole, akalikata lote. Alilikatakata pingili, akazifunga kwa gunia bichi, akamkabidhi.

"Na wewe umebakiza nini, Baba Januari?"

"Huu mgonjwa, wa kuchoma moto kuni zikikauka."

"Na wageni utawaketisha wapi?"

"Juani. Likitoka."

Sherbanu alicheka kidogo, kisha akaacha. Alilipakata furushi chini ya mwavuli.

"Umenilipa," alisema. "Sikudai tena."

Donatus aliitikia kwa kichwa, akachukua panga, akaugeukia mzabibu.