Mkono wa Mama Pacha

Mama Pacha alikuwa ameshazoea kuwa mke wa pili. Mke wa kwanza alikuwa ndege.

Usicheke. Mumewe, daktari wa meno, aliinunua ndege ile kabla hajamposa yeye: ndege ndogo ya viti vinne, mabawa juu, rangi imebabuka tumboni. Siku ya kwanza alipompeleka bandani kuiona, Mama Pacha, wakati huo bado binti wa watu, aliizunguka, akaigonga ubavuni kwa kidole, akasema, "Kumbe ndiye mkubwa wangu huyu! Shikamoo, dada." Daktari alicheka mpaka akakaa juu ya debe la oili. Haukupita muda, posa ikapelekwa.

Na kusema kweli, wake wenza hawa waliishi vizuri. Maana ndege ya mtu binafsi, jamani, ni mgonjwa wa kudumu. Leo tairi, kesho plagi, keshokutwa oili inachuruzika pasipojulikana. Matengenezo madogo Daktari aliruhusiwa kuyafanya mwenyewe, kwa makubwa aliitwa mkaguzi. Ila mikono yake ilikuwa minene kama ya mkata kuni. Namna ilivyoingia vinywani mwa watu anajua yeye na wagonjwa wake. Mama Pacha ndiye aliyekuwa na mikono midogo, mikono ya mtoto kwenye mwili wa mtu mzima. Mawifi walimcheka siku ya harusi kwamba mikono ile haitafua hata leso.

Kumbe ndiyo iliyofika pasipofikika. Nyuma ya dashibodi ya ndege ile kulikuwa na upenyo mwembamba, karibu na ukuta wa injini, ambao Daktari aliujaribu mara moja akatoka na vidole vimechubuka. Mama Pacha aliuingia kama anaingia jikoni kwake. Kila Jumamosi ungewakuta vilevile: yeye kalala chali sakafuni mwa ndege, mkono umezama mpaka kiwiko, na Daktari kamshikia tochi huku anapiga mluzi, mluzi uleule usio na wimbo wala mwisho. Skrubu ikidondoka aliiokota kwa sumaku ya mviringo iliyotolewa kwenye spika mbovu, ambayo mumewe aliizungushia plasta nyeupe ya hospitali isikwaruze bati. Sumaku hiyo ilikuwa na mwiko wake. Kazi ikiisha, inatoka nje ya ndege, kwani dira ikikaa jirani na sumaku hurukwa na akili, na rubani anayeamini dira ya namna hiyo haendi anakokwenda.

Tena walikuwa na kanuni yao ya nyumbani: aliyetia mkono, apande. Ndege ikitoka matengenezoni, aliyeigusa ndiye anayekaa kiti cha kulia, pembeni mwa rubani, safari ya kwanza ya majaribio. "Ukijua utapanda mwenyewe," Daktari alipenda kusema, "kila skrubu utaikaza kwa roho yako." Kwa hiyo kiti cha kulia kilikuwa cha Mama Pacha, miaka nenda miaka rudi. Hata pacha wake, ambao sasa wanasoma mbali, walizoea viti vya nyuma.

Sasa mwaka huo Daktari akapata wazo. Saa zile za vipimo, za mviringo, zilizojaa kwenye dashibodi zitolewe, ziwekwe skrini za kisasa zinazoonyesha kila kitu kwa rangi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Na kwa kuwa kazi hiyo si ya kubahatisha, akaletwa fundi wa mitambo ya ndege.

Fundi alikuwa mwanamke. Si hivyo tu: kijana, mrefu, miwani inaning'inia kifuani, kicheko chake unakisikia kabla hujafika bandani. Akamwita Daktari "Kapteni." Kapteni! Mtu anayeng'oa magego ya watu tangu asubuhi hadi jioni! Na yule mzee mzima, badala ya kumsahihisha, akavuta tumbo ndani.

Mama Pacha aliona kwa macho yake.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa sanduku la zana. Fundi alikuwa na kamera nyembamba ndefu kama mpira wa maji, unaiingiza kwenye tundu, picha inatokea nje. Alikuwa pia na kishikio cha chuma, kirefu, chenye vidole vitatu mbele. Vidole! Daktari alikichukua, akakifumba na kukifumbua kama mtoto aliyepewa zawadi, kisha akamgeukia mkewe kwa furaha. "Mama Pacha, umepumzika sasa. Hakuna tena kulala chali kwenye mavumbi."

Alisema kwa mapenzi, masikini. Mama Pacha akasikia anaachishwa kazi.

"Dada, fungua macho," mdogo wake, mwenye saluni, alimwambia kwenye simu. "Lisemwalo lipo. Mwanamume mwenye umri ule hanunui skrini bure."

"Ni za ndege."

"Haya. Na aliyetia mkono si ndiye anayepanda? Basi safari hii nani atakaa kiti chako?"

Mama Pacha alikata simu. Jambo hilo alikuwa analijua tangu siku ya kwanza, ila hakupenda kulisikia likisemwa na mtu mwingine. Wivu ukampanda, mkavu. Usiniambie mtu mzima haoni wivu. Anaona, tena wake ni mbaya, maana hana pa kuulilia.

Siku iliyofuata alipeleka chai bandani kama kawaida, chupa mkononi, vikombe kwenye kikapu. Alipofika mlangoni akamsikia fundi anazungumza kwa sauti ya chini, bila kile kicheko chake.

"Kapteni, nakuomba sana. Ila usimwambie mama."

"Simwambii," Daktari akajibu. "Hii tuiache kati yetu."

Lo! Aligeuka na kikapu chake, akatembea mpaka kwenye uzio wa uwanja, akasimama pale akitazama nyasi hadi pumzi iliporudi. Kati yetu. Kati yetu nani na nani?

Jioni, Daktari alipompeleka fundi kituoni, Mama Pacha alisema anabaki kufagia. Hakufagia. Alilala chali pale pake pa siku zote, bila tochi maana hakuihitaji, akapenyeza mkono nyuma ya dashibodi mpya na kuibandika ile sumaku kwenye chuma, chini kabisa ya dira. Ikanasa yenyewe, tap. Hakutaka mtu afe, Mungu apishe mbali. Ndege isingeruka kabla dira haijapimwa. Alitaka kipimo kimkatae yule binti, aonekane hajui kazi, afunge sanduku lake lenye vidole vya chuma aende zake, na kiti kirudi kwa mwenyewe.

Na kipimo kikakataa kweli. Waliitoa ndege nje, wakaizungusha juu ya duara lililochorwa chini, pua ikielekea kila upande kwa zamu, fundi ndani akisoma dira, Daktari nje na dira nyingine mkononi. Pua ikitazama kaskazini, dira ya ndani ikasema mashariki. Ikigeuzwa mashariki, ikasema haijui. Fundi akafungua nyaya alizozifunga, akazifunga upya. Akazima skrini, akaziwasha. Dira bado mlevi.

"Dira hii haijawahi kunidanganya," Daktari alisema, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa ukapteni.

Fundi alikuwa amelowa jasho. Mama Pacha alikaa pembeni na vikombe vyake, akaona midomo ya yule binti inatetemeka, na utamu aliokuwa ameungoja ukaja kweli, ila ulikuwa mfupi kuliko alivyotegemea.

Ndipo fundi akatoa ile kamera. Akaipenyeza polepole nyuma ya dashibodi, Daktari akaangalia picha pamoja naye, kichwa kwa kichwa. Nyaya. Nyaya. Ukuta wa injini. Kisha kitu cha mviringo, chenye plasta nyeupe.

"Ala! Sumaku!" fundi akasema. "Kapteni, nani ameweka sumaku huku?"

Daktari aliitazama ile plasta. Fundi akaingiza kile kishikio chake aitoe. Kishikio kikagusa sumaku, kikanaswa, chuma kwa chuma, kikagoma kurudi. Akajaribu mkono, ukakwama kwenye kifundo. Daktari hakujisumbua hata kujaribu wake.

"Tukitaka kuitoa itabidi tuing'oe dashibodi yote upya," fundi akasema. "Lakini aliyeiweka aliiwekaje? Mkono wa nani unapita hapa?"

Mama Pacha aliposikia swali lile alijitazama mikono, na hapohapo akajua kwamba hata angetia saini asingejulikana zaidi. Dunia nzima mkono uliokuwa unafika pale ni mmoja.

Daktari aliichukua tochi mezani. "Mama Pacha," akasema taratibu, "njoo."

Akaweka kikombe chini. Akaja. Akalala chali, akapenyeza mkono, na mwanga wa tochi ukamfuata palepale alipoutaka, kama siku zote. Akausubiri ule mluzi. Haukuja.

Fundi alikuwa ameelewa, akajifanya anatafuta kitu kwenye gari lake nje.

"Nilikusikieni," Mama Pacha akasema kutoka chini ya dashibodi. "Alikuomba usiniambie. Usiniambie nini?"

Daktari alishusha pumzi. "Anaogopa kuruka. Anatengeneza ndege za watu, kupanda hawezi, anazimia. Nilipomweleza kanuni yetu karibu alie. Aliniomba aonewe huruma, na akaona aibu wewe ujue, kwa sababu anakuheshimu." Akaisogeza tochi. "Nikamkubalia. Nilimwambia kiti kile kina mwenyewe, hata bila kanuni."

Mama Pacha akaivuta sumaku ikaachia, pamoja na kile kishikio. Akabaki amelala, sumaku kifuani, machozi yanamwingia masikioni.

"Basi nami nimetia mkono," akasema, akijaribu kucheka. "Aliyetia mkono si anapanda?"

"Anapanda mwenye mkono ninaouamini," Daktari akasema. Akazima tochi.

Siku ya majaribio Mama Pacha alikwenda uwanjani hata hivyo, nani angemzuia? Dira ilikuwa imepimwa, imetulia, haina neno. Ila skrini mpya zilikuwa nyepesi kuliko saa za zamani, na Daktari akasema upande wa kulia unahitaji uzito ili ndege ikae sawa. Akabeba gunia la mchanga begani, akaliweka kwenye kiti, akalifunga mkanda, akauvuta aone kama umekaza. Mkanda, uliozoea kiuno cha Mama Pacha, haukuhitaji kulegezwa sana. Kisha akapanda upande wake, na akiwa anaangalia skrini zake, bila kujijua, akaanza kupiga mluzi.

Mama Pacha aliusikia kabla injini haijanguruma. Alisimama uzioni na chupa ya chai, na fundi kando yake, miwani machoni.

"Afadhali gunia, mama," fundi akasema, akitetemeka kwa kuangalia tu. "Mimi ningekufa."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikageuka juu yao kwa ubavu wa kulia, na pale dirishani likaonekana gunia, limekaa sawasawa, limeegemea kioo. Mama Pacha akaliangalia mpaka likapotea, na akalionea wivu.