Kipoza Oili cha Gari la Nchagwa

Harufu ya oili iliyoungua ilimfikia Simioni kabla hajaona moshi. Alilitoa gari barabarani, akazima injini, akafungua boneti, akasimama akiutazama moshi unavyopanda taratibu, kama mtu aliyezoea kutembelewa na mgeni asiyemtaka. Ndani ya gari mama yake, Kezia, alikuwa ameegemeza kichwa dirishani, mkono wake uliotoka kuchomwa sindano umefunikwa kwa khanga. Hakuuliza wamefika wapi. Alijua. Ni mwinuko ule ule, ukishavuka daraja la Kirumi ukaanza kupanda kurudi Tarime.

Gari lilikuwa la Nchagwa, kaka yake Simioni, marehemu sasa: gari la bluu la mashindano, lenye turbo na mngurumo wa kuamsha mtaa mzima wa Nkende. Nchagwa aliliongezea nguvu kila alipopata senti, akafa kabla hajaliongezea ubaridi. Likamwangukia Simioni, muuza rangi za nyumba, mtu asiye na haraka ya kwenda popote, hadi figo za mama zilipogoma na safari za Musoma za kusafishwa damu zikawa ndiyo maisha yao. Wanunuzi walikuja, wakalisifu, wakauliza linavyokunywa petroli, wakaaga.

Jumamosi alilipeleka gereji kwa fundi Wangwe, kule Bomani. Mama alitaka kufuatana naye. Alisema kuta za nyumba zimemchosha. Wangwe alimwamkia shikamoo, akamtafutia kigoda penye kivuli, kisha akaeleza kilichokuwa kikiwasumbua. Maji ya injini yana rejeta yake, lakini oili haina pa kupoea, na injini iliyochokonolewa kama ile huichemsha kila inapopanda mlima na mzigo. Inataka kipoza chake, rejeta ndogo ya kukaa mbele ipigwe na upepo.

Vipoza vya mashindano vyenyewe Simioni hakuviulizia hata bei. Vilivyokuwa ndani ya uwezo wake ni viwili, na Wangwe aliviweka juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kipya, kinang'aa, chepesi kama kopo la biskuti, hakina jina linalojulikana. Kingefungwa siku hiyo hiyo. Wangwe alikibonyeza kwa dole gumba, mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, yakalala. Kingefanya kazi, alisema, ila maungio yangeanza kutoa jasho, na oili ikianza kuvuja haiagi. Cha pili kilitoka kwenye lori lililopata ajali: kizito, kimegandamana na matope makavu. Hicho kingepaswa kuoshwa ndani mpaka chembe ya mwisho ya chuma itoke, kipimwe kwa presha, kinunuliwe mipira mipya ya kupitishia oili. Kingemmezea Simioni akiba yake yote ya dukani. Tena kwa ukubwa wake, lazima bampa ya mbele ikatwe, ile ambayo Nchagwa aliipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe.

"Sasa niambie," Wangwe alisema, "unataka kidumu muda gani?"

Lilikuwa swali la fundi kwa mteja, basi. Lakini Simioni alifungua mdomo akakuta jibu limekwisha kutangulia, linamsubiri. Muda mfupi. Hesabu ilikuwa imejifanya yenyewe ndani yake, na haikuwa hesabu ya chuma. Alikuwa amempima mwanamke aliyeketi pale kwenye kigoda, akaona kile chepesi kitatosha. Aliona haya hadi masikio yakamwaka. Na chini ya ile haya aligusa kitu kibaya zaidi, uchovu uliokuwa umeanza kufanana na tumaini.

"Cha kutosha tu," alisema.

"Cha kutosha nini?" Wangwe aliuliza, bila ubaya wowote.

Mama alikohoa kidogo. "Fundi, mfungie kile kizito."

Simioni alijitetea kwamba kitachukua siku, na kwamba wataikata bampa ya Nchagwa.

"Waikate. Nchagwa amepumzika." Aliivuta khanga yake vizuri begani. "Na mimi nitapumzika, Simioni. Siku hiyo wewe utakuwa bado una safari zako. Usifunge kitu cha kuishia kwangu."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anayemkumbusha mtoto kufunga mlango. Simioni alizunguka nyuma ya gari, akajifuta uso kwa kitambaa cha gereji, akajipaka grisi bila kujua. Wangwe akaanza kuchagua spana ambazo hakuzihitaji.

Kazi ilipokwisha, gari lilionekana kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele. Safari iliyofuata ya Musoma ilikwenda ikarudi, na mwinuko waliupita bila mmoja wao kuutaja. Simioni aligundua wameupita pale tu alipoziona taa za maduka ya Tarime. Furaha hakuiona. Kiuno kilimuuma, duka lilikuwa limeshinda limefungwa, na baada ya siku chache wangerudi kule kule.

Alipokuwa akimshusha mama nyumbani, mama aliushika mkono wake na kumwuliza kama barabara ya kwenda Kenyamonta ina milima. Simioni alisema inayo. Mama alisema alitaka kuuona ulezi wa mdogo wake anayelima huko kabla haujavunwa. Kesho, kama gari lina nguvu.

"Gari linazo," Simioni alisema. Wewe je, alitaka kuuliza, asiulize. Aliuhisi mkono ule mwepesi mikononi mwake, una joto. Akafikiria ule mteremko wa Nyamongo, na Mto Mara, na vumbi la ng'ambo yake. Kisha akamwuliza kama watalala huko au watarudi siku hiyo hiyo.

"Tutaona tukifika," mama alisema, akaanza kupanda ngazi, mguu kwa mguu.