Kitufe cha Bosi

Kwa siku tatu hakuna aliyeweza kufungua ratiba ya zamu iliyoko kwenye seva ya ofisi. Kila aliyejaribu aliambiwa na kompyuta kwamba faili hilo linatumiwa na mtu mwingine.

Bosi, ambaye mdomo wake ni cherehani, alinisimamisha mbele ya wenzangu.

"Wewe fundi, kazi yako hapa ni nini? Kupasha kiti moto?"

Nikaingia kwenye seva kumtafuta huyo mtu mwingine, nikakuta ni yeye bosi. Nikamfuata ofisini kwake, nikamwambia kwa adabu kwamba faili liko wazi kwenye kompyuta yake tangu Jumatatu.

"Haiwezekani. Mimi huzima kila jioni. Hata sasa imezimwa, huoni?"

Skrini ilikuwa nyeusi kweli. Chini ya meza, boksi la kompyuta lilikuwa linanguruma. Nikabonyeza kitufe cha skrini, na ratiba ikatokea vilevile alivyoiacha. Miaka kumi na minne ya uongozi, na mtu anazima skrini akidhani amezima kompyuta.

"Basi ifunge," akasema. "Tusiongee sana."

Jioni ukabandikwa waraka wenye sahihi yake: kila mfanyakazi azime kompyuta ipasavyo. Nikamkuta mlangoni kwake akitafuta funguo mfukoni.

"Umeusoma waraka wangu? Watu wa humu wazembe sana."

Nyuma yake skrini ilikuwa nyeusi, na boksi lilikuwa bado linanguruma.