Maji Yasiyorudi

Alhamisi asubuhi Rispah alimwaga ndoo mbili za maji ya sabuni katikati ya ukumbi wa Bwana Faiz, mtaa wa Kibokoni, na mashine ya kufyonza ikamrudishia maji yasiyojaa nusu ndoo.

Alidhani mpira umetoboka. Akazima mashine, akaupapasa mpira wote kuanzia mdomoni hadi kwenye tangi. Ulikuwa mzima. Akamwaga ndoo ya tatu, safari hii akachuchumaa kutazama. Povu jeusi lilisimama kidogo, likajikusanya kwenye mistari baina ya vigae, kisha likazama kimya kimya, kama linalonyonywa na mtu aliye chini.

"Kalama," aliita, "hebu njoo uone."

Kalama alikuwa mwenzake wa kazi kwa mwaka wa sita sasa, baba wa watoto wanne kutoka Kaloleni, mwepesi wa mikono na mchache wa maneno. Rispah ndiye mwenye mashine. Alikuwa amesafisha ofisi za bandarini, jikoni za hoteli na nyumba za ghorofa za Tudor, na sakafu chafu haikumtisha. Hii ya Kibokoni ilikuwa imeachwa miaka. Grauti, ile saruji laini inayoziba nafasi baina ya kigae na kigae, ilikuwa imekunywa mafuta ya pilau na vumbi la viatu mpaka ikawa nyeusi tititi. Tangu saa mbili walikuwa wakiisugua kwa sabuni kali na brashi ya umeme. Kando ya kuta mistari ilikuwa imeanza kuwa myeupe. Katikati hapakuwa na weupe wowote. Uchafu ulipotoka, zilibaki nyufa tupu.

Rispah alichukua mpini wa brashi akagonga. Karibu na ukuta kigae kilitoa sauti ya jiwe. Akasogea, akagonga tena, jiwe. Alipofika katikati sauti ikabadilika, ikawa ya mtungi mtupu. Akalaza sikio sakafuni. Chini, mbali kuliko msingi wa nyumba yoyote, maji yake yalikuwa yakidondoka ndani ya maji mengine.

"Msikae hapo!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mahira, shangazi yake Bwana Faiz, aliyeishi ghorofa ya juu. Alikuwa ameshuka na chupa ya chai, amesimama mguu mmoja ngazini.

"Sogeeni ukutani, wanangu. Hapo tini pana kisima."

Aliwaeleza akiwa palepale, bila kuingia. Alipokuwa mwari, nyumba hii na majirani wote walikuwa wakiteka maji hapo. Maji ya mfereji yalipofika majumbani, kaka yake, babake Faiz, akakifunika. Alilaza boriti za mkoko, akashindilia mawe na udongo, akaweka vigae juu yake, pakawa ukumbi wa kukodisha. Miaka thelathini na kitu sasa.

"Bwana Faiz ajua?" Rispah aliuliza.

"Alikuwa akichezea kamba ya ndoo akiwa mtoto. Ajua."

Rispah aliitazama sabuni ikimalizikia kwenye nyufa. Boriti zilizokaa juu ya unyevu miaka yote hiyo, na leo yeye mwenyewe amezinywesha ndoo tatu. Ule uchafu aliokuja kuuondoa ndio uliokuwa umeziba nyufa.

Kabla ya adhuhuri Bwana Faiz aliingia, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi. Akawasalimu kwa adabu, akasifu mistari ya ukutani. Rispah akamweleza yote. Alisikiliza macho yakiwa kwenye simu.

"Marehemu baba alikifunika kwa mikono yake," akasema. "Watu wamecheza ngoma juu yake miaka yote hii na hakuna aliyepotea. Ziba nyufa kwa grauti mpya, nyeupe. Kesho magharibi nina sherehe ya kupamba hapa. Mamake bibi harusi amealika wanawake mia mbili."

"Bwana Faiz, nikiziba, hakuna atakayejua pana nini. Mwite fundi wa nyumba kwanza akazitazame hizo boriti."

"Mama, nimekuita unisafishie sakafu. Sikukuita unipangie nyumba yangu."

"Basi mimi sitaziba."

Alitabasamu, na tabasamu lile lilimtia Rispah hofu kuliko ambavyo ukali ungemtia. "Hutaziba wewe," akasema, akageuka kumtazama Kalama.

Kalama aliinama, akaendelea kukunja waya.

Wakati wa kuondoka Rispah alimsihi Bi Mahira awaonye wenye harusi. Bi kizee alijifunika leso hadi mdomoni. "Mwanangu, mimi nakaa kwake. Nitasemaje?" Kisha, akitazama kando: "Huyo mamake bibi harusi aitwa Nasiha. Kesho saa tatu atakuja kutazama jukwaa."

Jioni ile Rispah alimpigia Kalama simu mara nne. Haikupokewa.

Ijumaa, saa tatu kasorobo, aliukuta mlango wa ukumbi wazi. Hajapata kuona sakafu iliyopendeza namna ile. Mistari ilikuwa imenyooka, myeupe kama chokaa mbichi, kutoka ukuta hadi ukuta. Katikati palikuwa na jukwaa lililovishwa kitambaa chekundu, na juu yake viti viwili vya dhahabu. Mbele ya jukwaa Kalama alikuwa amepiga magoti, anafuta vumbi la grauti kwa sponji.

"Dada, mtu angeziba tu," alisema bila kuinua uso. "Kama si mimi, mwingine."

"Inuka polepole. Pitia ukutani."

Kalama alitaka kucheka. Akaweka kiganja sakafuni ili ajiinue, na kicheko kikamkauka. "Yatetema," akasema. "Tangu alfajiri nilidhani ni magoti yangu." Akajivuta nyuma hadi ukutani, akatoka akiwa ameupa ukuta mgongo. Jasho lilikuwa likimtiririka.

Bi Nasiha alifika saa tatu kamili, mwanamke mnene mwenye haraka, simu sikioni. Rispah alimwamkia, akamweleza, akagonga vigae mbele yake.

"Dada yangu, vigae vyote hulia hivyo," Bi Nasiha alisema. "Kadi zimeshatoka. Nionyeshe kitu nikione kwa macho."

Rispah aliitazama mistari myeupe miguuni pake. "Jana ndoo moja ya maji ingetosha," akasema. "Leo hayapiti."

Kalama alikuwa mlangoni, mikono imejaa grauti iliyokauka. Ndipo sauti ikatoka ngazini, ikitetemeka.

"Asema kweli, Nasiha. Pana kisima. Na boriti zake ni kuukuu."

"Shangazi!" Bwana Faiz alikuwa ameingia nyuma yao. Hakumngoja mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya jukwaa, akainua kisigino, akakipiga sakafuni. "Mwaona?" Akapiga tena. "Mwaona?"

Mara ya tatu sauti haikuwa ya kisigino. Mstari mmoja mweupe ulifumuka kutoka mguuni pake hadi jukwaani, kama uzi unaochomolewa nguoni. Chini kitu kikakatika. Watu wote wakakingoja kifike majini. Kilichelewa. Kisha maji yakaitika.

Bwana Faiz hakusogea. "Mama," alimwambia Rispah kwa sauti ndogo, "nifanyeje?"

"Usiinue mguu. Chuchumaa. Sasa lala kifudifudi, utandaze mikono."

Alilala, kanzu na udi wake, juu ya grauti iliyokuwa bado mbichi. Kalama alikuwa tayari ameshalala kwa tumbo kando ya ukuta, anausukuma mpini mrefu wa brashi kuelekea kwake. Haukufika. Rispah akauchomoa mpini wa brashi ya pili, akaufunga kwenye ule wa Kalama kwa kamba ya aproni yake. "Njoo polepole," Kalama alikuwa akisema. "Polepole, bwana." Faiz alijivuta kama mjusi aliyekatwa mkia. Vidole vyake viliposhika mpini, kiti kimoja cha dhahabu kiliinama chenyewe, kikazama pamoja na kipande cha jukwaa na vigae vilivyokuwa chini yake. Walimvuta kwa nguvu zote, yeye analia kwa sauti, mpaka akafika kizingitini.

Bi Nasiha hakumsemesha. Alitoka barazani, akaanza kupiga simu: kupamba kumehamia uani kwa dada yake, mtaa wa Mkanyageni, kila mtu aambiwe sasa hivi.

"Dada," Kalama alianza.

"Kunja mipira," Rispah alimjibu. Angesema zaidi ya hapo angelia, na hakutaka kulia mbele yake.

Bi Mahira alikataa katakata kupanda tena kwake. Dawa zake za presha, buibui na msahafu vilikuwa juu. Rispah akajitolea. Alipanda ngazi akiwa ameuegemea ukuta kwa bega, akaingia chumba kilichokuwa juu ya ukumbi hasa. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akakusanya vitu ndani ya leso, akazuia pumzi asikilize. Ukumbini, chini ya miguu yake, kigae kilibanduka. Kimya. Maji. Alipokuwa akifunga fundo, kikabanduka kingine.

Aliposhuka na mzigo, Bwana Faiz alikuwa amesimama barabarani, kanzu imechorwa mistari ya grauti kifuani, ameshika kufuli, anamngoja atoke afunge mlango.

"Bado vinaanguka?" aliuliza bila kumtazama.

"Bado," Rispah akasema.