Karatasi ya Chingamu

"Baba yako alikuwa fundi mzuri, sikatai," nilimwambia Zenon. "Lakini tazama alichokiacha!"

Nikamsukumia tochi. Ndani ya tumbo la mashine ya pinboli, ule mchezo wa kurusha gololi ya chuma, fyuzi iliyoungua ilikuwa imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya chingamu ili umeme uendelee kupita. Mafundi wa mashine za baa hapa Chicago walifanya hivyo Jumamosi, wateja wakipiga kelele na fyuzi mpya hakuna. Jumatatu walirudi kuitoa. Baba mkwe hakurudi, na sasa ni marehemu.

"Miaka hamsini haijawahi kuzimika," Zenon alisema.

"Ndiyo shida yenyewe! Fyuzi haikatiki, ganda la nyaya za transfoma limeungua, umeme umeingia kwenye chuma. Nimepima kati ya ukingo huu wa chuma na bomba la maji. Volti mia na kumi!"

"Wewe na mita yako na diploma yako. Jana nilicheza saa nzima. Nimekufa?"

"Ulivaa buti za mpira, Zenon. Maji ya mvua yalikuwa yamejaa humu chini ya nyumba."

Akacheka. Akainama nyuma ya mashine, akachomeka plagi. Taa za rangi zikawaka, kengele ikalia mara moja.

"Waya huu wa plagi haubadilishwi. Baba aliufunga kwa mikono yake. Yule mkusanyaji wa mashine za kale anayekuja kuinunua akiona waya mpya, anageuza gari."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikasikia hatua kwenye ngazi. Bernie, binti yetu wa miaka minane, alikuwa anashuka. Peku. Sakafu ya saruji ilikuwa bado ina unyevu, na nyayo zake zilibaki zimechorwa juu yake, moja baada ya nyingine, zikielekea kwenye mashine.

"Imewaka!" akasema.

"Njoo, bingwa," Zenon akamwita. "Cheza ya kwanza, ya babu."

Bernie alinyanyua viganja vyote viwili, kama babu yake alivyomfundisha, ashike kingo za chuma pande zote.

"BERNIE! SIMAMA!"

Akaganda. Vidole vilikuwa nusu shibiri kutoka kwenye chuma.

"Kidogo tu, mama."

"Usiguse! Rudi nyuma. Rudi mpaka kwenye ngazi."

"Unamtisha mtoto, Dolores."

"Basi shika wewe. Vua buti, ushike."

Zenon akatazama buti zake. Akatazama sakafu, na nyayo ndogo zilizolowa. Hakuvua. Uso wake ukapauka, lakini mdomo bado ukabisha: "Waya ni wa baba..."

Nilipita kando yake, nikang'oa plagi ukutani. Taa zikafa. Nikachukua koleo kwenye sanduku la vifaa, nikaushika waya pale unapotoka kwenye mbao. Koleo liliteleza mara mbili.

"Dolores, subiri!"

Nikaukata.