Injini ya Kupandia Mlima

Siku injini ya zamani ilipokufa mlimani, nilikuwa nimebeba tangi la maji limejaa pomoni na nyuma yangu kuna kona kali. Pikapu ilikohoa, ikatapika moshi mweusi, ikazima. Nilishuka nikaweka mawe kwenye matairi, kisha nikafungua koki na kumwaga maji yote barabarani ili uzito usinirudishe bondeni. Huko juu shule ya bweni ya wasichana ilikuwa inayasubiri maji hayo kwa kupikia na kuogea. Nililia kidogo, sikatai. Halafu nikapangusa uso nikampigia simu matroni wa shule.

Matroni ni mama mstaarabu lakini hana porojo. Alisema wasichana hawaogi kwa huruma. Kwa wiki hiyo angechukua maji kwa mtu mwingine mwenye lori, na Jumatatu asubuhi, nisipokuwa getini na tangi langu, kazi ingekuwa ya lori moja kwa moja. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha nyumbani, na pikapu ile ndiyo kitu pekee nilichojua kukifanya kizae chakula. Nikamwambia, "Jumatatu utaniona." Nilipokata simu nilijishangaa, maana gari bado lilikuwa limekaa barabarani kama ng'ombe aliyegoma.

Mdogo wangu tunamwita Nati. Jina alilipata utotoni, kwa kuwa hakuna kitu kilichofungwa kwa nati ambacho hakukifungua, kitanda cha mama kikiwemo, mama akiwa amelala juu yake. Sasa ni fundi katika gereji ya mtu. Jioni ile, pikapu ilipokwisha kuvutwa hadi nyumbani, aliizunguka, akachungulia, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imekwisha. Uza chuma chakavu, tutafute nyingine."

Tutafute wapi, hakusema. Kesho yake, yeye akiwa kazini, nilikwenda mwenyewe kwa mzee mmoja anayefufua injini. Nikaikuta pale, dizeli yenye turbo ya kuisukumia hewa, silinda zimechongwa upya, pistoni na beringi mpya. Mzee aliiwasha juu ya stendi nikaisikiliza mpaka nikaridhika. Akamwaga oili yake kwa ajili ya safari, akaahidi kunitafutia kijiti cha kupimia oili kwa kuwa cha kwake kilikuwa kimevunjika, akaziba mrija wake kwa kizibo. Nikaileta nyumbani kwa gari la kukodi, kifua mbele.

Nati alipoiona uani, alivimba.

"Fundi yuko ndani ya nyumba, wewe unakwenda kuchukua injini kwa mtu baki bila hata kuniuliza? Kwani mimi ni nani hapa?"

"Wewe si ulisema niuze? Mwenye kusema uza haulizwi habari za kununua."

"Basi ifunge mwenyewe."

"Nitaifunga."

Hapo ndipo tulipoacha kusemeshana. Lakini Nati hawezi kupita karibu na injini akaangalia pembeni. Jioni iliyofuata aliporudi akanikuta nimeazima winchi ya mnyororo, kichwa kimezama kwenye boneti, nahangaika na boliti iliyoshika kutu. Alisimama, akaguna, akakunja mikono ya shati. Boliti ikalegea. Hakunitazama wala hakufungua mdomo. Ulimi wetu ukawa mama, ambaye alikuwa amekaa kibarazani akishona vifungo.

"Mama, mwambie binti yako anipe spana ya kumi na saba."

"Mama, mwambie mwanao spana ya kumi na saba ameikalia."

Tulikwenda hivyo siku baada ya siku. Injini ya zamani tuliitoa, mpya tukaiteremsha, ikagoma kukaa. Nati akaingia chini ya gari, sauti ikatoka huko huko.

"Mama, mwambie binti yako sampu, hili bakuli la oili, inagusa chesisi. Hii injini yake aliyoichagua ni ndefu."

Mama alivua miwani. "Anasema hiyo sampu inagusa hiyo nini, na kwamba injini yako ina kimo."

"Mwambie akate vishikizo vya injini ya zamani, avichomelee mbele kidogo. Radieta tutaisogeza."

Kisha nikasikia msumeno. Hakukubali kwa mdomo, alikubali kwa msumeno, na mimi hilo lilinitosha kwa siku ile. Ila kilichoniuma kuliko injini ni kumwona akiosha kila boliti na kuipanga kwa utaratibu, kazi safi kuliko anayoifanya gerejini kwa watu, na siwezi kumwambia ahsante. Jeuri ni mzigo. Nimebeba maji miaka mingi, najua mizigo.

Jumamosi mchana mama akasimama, akakusanya vifungo vyake.

"Mimi niliwazaa, sikuwazaa ili niwe simu yenu. Naenda kwa jirani. Mkitaka kuambiana kitu, midomo mnayo."

Akaondoka kweli. Uani tukabaki wawili kama wageni kwenye chumba cha daktari. Nati akatoka kwenda kwa mchomeleaji kufuata bomba la ekzosi. Nikaona muda ndio huo. Nilikuwa nimeficha galoni ya oili nyuma ya kiti, na injini ile inakula galoni moja tu. Nikaimimina yote, nikatia tone kwenye turbo pia ili isianze kuzunguka kavu, nikaitupa galoni tupu jaani. Nilijisikia fundi. Nati aliporudi, tukafunga bomba la ekzosi bila neno, kisha nikaenda dukani kufuata maji ya betri.

Niliporudi aliniashiria kwa kidevu nikae kwenye usukani. Propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye matairi, ilikuwa bado imeegemezwa ukutani, na boksi la filta ya hewa halijafungwa, lakini tulitaka kuisikia. Nikageuza ufunguo. Ikashika mara moja, ikanguruma kwa sauti nzito, nzuri, na nikamwona Nati akitabasamu kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Halafu sauti ikapanda. Nilikuwa sijakanyaga mafuta. Ikapanda tena, moshi mweupe ukajaa uani, gari zima likaanza kutetemeka. Nikazima ufunguo. Haikuzima. Nati akalegeza bomba la dizeli, dizeli ikamwagika chini, injini ikazidi kupiga mayowe. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe, na hakuna ufunguo unaozuia hilo. Kuitia gia ili izimike kusingesaidia bila propela. Ikiachwa hivyo, injini huzunguka mpaka ijivunje vipande, na Nati alikuwa ameinama juu yake.

"Nati, toka hapo!"

"Izibe pumzi! Dada, vua kiatu, izibe pumzi!"

Niliruka chini. Navaa kandambili za soli ya tairi, nene. Nikavua ya mguu wa kulia, nikajitosa kwenye moshi, na mdomo wa turbo ulikuwa wazi ukivuta hewa kwa nguvu za ajabu. Nikaibandika soli pale kwa mikono miwili. Ilinyonywa ikaganda. Injini ikakakamaa, ikashuka, ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

Tulikaa chini, kila mmoja ameegemea tairi lake, tunakohoa. Nati ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo.

"Lakini oili nilitia kipimo sawasawa. Galoni nzima, niliileta kutoka gerejini."

Nikamtazama. "Umetia lini?"

"Ulipokwenda kufuata maji ya betri."

"Nati. Mimi nilitia ulipokwenda kwa mchomeleaji."

Akafumba macho. Galoni mbili kwenye tumbo la galoni moja. Kama mmoja wetu angesema neno moja tu, hata la kugombana, yasingetokea. Nilitaka kucheka, kikatoka kilio, na yeye akanishika bega kwa mkono uliojaa grisi.

"Imekufa?" nikamuuliza.

"Sijui, dada. Tutaifungua tuone."

Jumapili tangu jua linachomoza tulikuwa chini ya gari. Na tuliongea! Tuliongea mpaka mama akafunga dirisha. Tukamwaga oili yote, tukafungua sampu kutafuta vipande vya chuma, hatukuviona. Nati akaishika shafti ya turbo kwa vidole, akaisukuma huku na huku, akaniambia niishike na mimi. Haikucheza, ilikuwa nzima. Tukasafisha mabomba ya hewa, tukafunga propela na filta, na oili safari hii aliimimina yeye mimi nimeshika galoni. Tukatia, tukarudia kuulizana, "Umetia?" "Nimetia, umeniona?" "Nimekuona." Alasiri nikageuza ufunguo, mguu mmoja nje. Ikashika. Ikakaa pale pale ilipotakiwa kukaa, nayo ikazima nilipoiambia izime. Mama alitoka akatutazama sote wawili tulivyo weusi, akasema tusiguse mapazia yake.

Jumatatu Nati aliomba ruhusa kazini akakaa pembeni yangu, sikio limeelekea kwenye boneti. Tulijaza tangi. Chini ya mlima tulilikuta lori la mwenzetu limeegeshwa, dereva anakula karanga, anasubiri nishindwe. Nikampungia mkono. Roho ilikuwa juu, lakini mkono niliupunga.

Mlima ule nimeupanda miaka yote kwa gia ya kwanza, nikiyumba na kuomba. Tulipofika katikati, Nati akasema, "Panda gia."

"Hapa?"

"Inakusubiri wewe. Panda."

Nikatia ya pili. Turbo ikapiga mluzi, mgongo ukanigandamia kwenye kiti. Nikatia ya tatu, na kona iliyoniliza tukaipita kabla sijaikumbuka vizuri.

Matroni alikuwa getini. Aliangalia saa, akaangalia tangi, kisha akamwangalia Nati aliyekuwa tayari anavuta mpira wa maji kuelekea kwenye tangi la shule.

"Gari limepona," alisema. "Fundi, injini hii umeipata wapi?"

Nilitazama chini. Nilijua yaliyomkaa Nati rohoni, nikamwachia nafasi ayaseme anavyotaka.

"Sikuipata mimi," Nati akajibu bila kugeuka. "Mimi nilimwambia auze gari. Dada ndiye aliyejua."

Nikainama nikafungua koki, maji yakaanza kwenda.