Kivuli cha Mwalimu Kipeo

Jumatatu, baada ya chai ya mapumziko, kivuli cha mwalimu wa hesabu kiliinuka sakafuni, kikajikung'uta vumbi la chaki na kutoka nje ya ofisi ya walimu. Mwenyewe alibaki kitini akisahihisha madaftari. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alivuta miguu ili kipite.

"Kinaelekea darasa la tano," alisema.

"Kiache kiende," akajibu mwalimu wa hesabu bila kuinua kichwa.

Wanafunzi walimwita Kipeo. Walidai ni kwa ajili ya hesabu, ingawa shule nzima ilijua ni kwa ajili ya upara wake uliochongoka.

Darasa la tano lilikuwa chumba cha mwisho, kando ya tangi la maji, na watoto wake walikaribia mia. Lilikabidhiwa mwalimu mpya, binti aliyetoka chuoni moja kwa moja. Mwanzoni mwa muhula mwalimu mkuu alimteua Kipeo awe mlezi wake: akae naye darasani, amwonyeshe namna ya kuandaa somo, amshike mkono mpaka asimame. Kipeo aliitikia mbele ya watu, halafu hakwenda. Binti alipomfuata na andalio la somo mkononi, alimwambia, "Kesho, mwanangu," na kesho ikazaa kesho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na yeye alipoanza kazi hakuna aliyemshika mkono. Hakuona kwa nini shida iliyomkuta yeye imkwepe mwingine.

Kivuli kilikaa dawati la nyuma. Watoto walisogeleana wakakipa nafasi. Mwalimu mpya alipoanza kufoka, kilishusha kiganja polepole, naye akashusha sauti, na watoto wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Alipouliza swali akalijibu mwenyewe, kilitikisa kichwa, mpaka akajifunza kuuliza na kungoja. Kilimwonyesha kwa kidole mtoto aliyenakili kila kitu na asielewe chochote. Baada ya muda chumba kile kikaacha kuvuma kama soko.

Kivuli hakikurudi kwa mwenyewe. Mkewe aliligundua hilo Jumapili, walipokuwa wakitembea juani kwenda kumjulia hali shemeji yao.

"Baba Watoto, kivuli chako kiko wapi?"

"Kimebaki kazini."

Mkewe alihamishia kikapu mkono wa pili. "Na wewe siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Kesho yake, wanafunzi walipokwisha kuondoka, Kipeo alikwenda kukichukua. Mlango wa darasa la tano ulikuwa wazi. Mwalimu mpya alikuwa akifuta ubao, na kivuli kilikuwa kimeegemea ukuta, kikimsikiliza.

"Mwanzoni nilikuwa najificha nyuma ya tangi, nalia, nanawa uso, narudi kufundisha," alikuwa akikiambia. "Siku moja nikajipa moyo nikaombe msaada ofisini. Nafika mlangoni, nasikia watu wanacheka. Mmoja anasema, 'Yule? Hafiki likizo yule.' Nikageuza."

Kipeo aliyatambua maneno hayo. Yalikuwa yake, na alikumbuka jinsi yalivyochekesha. Mwalimu mkuu alipaliwa na chai siku ile. Kivuli nacho kilikuwepo, chini ya kiti cha Kipeo, na sasa kiliinamisha kichwa pale ukutani.

Akakohoa.

"Shikamoo, Mwalimu," binti alisema, akifuta mikono. "Umekuja kukichukua?"

"Marahaba." Kipeo alikitazama kivuli. Kivuli kilitazama dirishani. "Hapana. Nilikuwa napita tu."

"Afadhali nimekuona. Nilitaka kukushukuru." Alimsogezea kiti pekee kilichokuwa mle. "Najua kazi zako ni nyingi, huwezi kuja mwenyewe. Lakini hukunisahau, ukanitumia hiki. Mwingine asingefanya hivyo."

Ukweli ulikuwa mfupi. Ungetosha katika pumzi moja, tena kwa sauti ya chini.

"Usijali, mwanangu," Kipeo alisema. "Ndiyo kazi yetu."

Hakukaa kwenye kile kiti. Uso ulimwaka njia nzima hadi ofisini, ingawa hakukutana na mtu yeyote.

Habari zilifika juu. Afisa elimu alikuja, akaketi dawati la nyuma bega kwa bega na kivuli, akaridhika. Utaratibu huu ni mzuri, alisema, kwa sababu haumpunguzii mlezi vipindi wala hauhitaji kumtengea muda. Muhula uliofuata walipoletwa walimu wapya wengine wawili, wote walikabidhiwa kivuli kilekile. Katika kikao Kipeo alitaka kusema kwamba ataingia madarasani yeye mwenyewe. Alifungua kinywa. Mwalimu mkuu alidhani anapiga miayo, akaahidi kumaliza kikao mapema.

Kivuli kilijigawa katika madarasa matatu kikafifia, kama chai inayoongezwa maji kila mgeni anapobisha hodi. Mmoja wa wale wapya, kijana mpole aliyependa kuchora ramani ubaoni, alipewa chumba kilichokuwa stoo. Hakikuwa na dirisha, na kivuli kikiingia mle kilipotelea gizani. Kisha mvua zikaanza, jua likajificha, na hakikuonekana tena popote. Binti wa darasa la tano alikwisha kujua kusimama. Kijana hakujua. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani, halafu ikakauka, na kabla muhula haujafika katikati akaja kuaga.

"Mvua ndiyo imetuangusha," alisema mwalimu mkuu, kijana alipokwisha kutoka. Walimu wote walikubali. Mvua haina wa kuitetea.

Kipeo alikuwa dirishani. Alimwona kijana akikata uwanja, begi kichwani, akiruka madimbwi. Mwavuli wa Kipeo ulikuwa umening'inia nyuma ya kiti chake, mkavu. Alimtazama kijana mpaka alipotoka getini, kisha akavuta dirisha akalifunga, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza kulowesha madaftari.